Mnyoo mshale yuko kila bahari, Ziwa Nyasa hayuko

Kwenye meza ya dagaa pale Mwanjelwa, Mbeya, mafungu hukaa kando kando: dagaa wa Mwanza, usipa waliopanda na gari kutoka Kyela, na siku ambayo mzigo wa pwani umeingia, dagaa mchele wa baharini wenye mstari wa fedha ubavuni. Muuzaji atakutajia tofauti zao bila kuulizwa: huyu ana mchanga, huyu mchungu kidogo, huyu bei imepanda. Ipo tofauti nyingine ambayo mezani haionekani. Kati ya hao watatu, ni dagaa mchele peke yake aliyetoka kwenye yai ndani ya maji yenye mnyoo mshale, mnyama mwangavu anayekula chakula kilekile anachokula mtoto wa dagaa, na akipata nafasi humla hata huyo mtoto.

Wataalamu huwaita Kaetognatha. Aina zinazojulikana duniani zimepita 120, na zote ni za maji ya chumvi. Chache huishi zimejishikiza kwenye miamba na majani ya chini. Nyingi huelea, yaani ni sehemu ya planktoni, viumbe wanaokwenda walikopelekwa na maji. Mdogo kabisa ana milimita 2, mkubwa hufika sentimita 12 hivi. Nyavu za dagaa haziwakamati, ndiyo maana mtu anaweza kuvua maisha yake yote asimjue. Lakini si wachache hata kidogo. Kwa makadirio yanayotajwa sana, uzito wao wote baharini ni kati ya asilimia 10 na 30 ya uzito wa kopepodi, vile vidudu mfano wa kamba wadogo mno ambavyo karibu kila samaki mchanga huanzia maisha kwa kuvila.

Swali la makala hii ni rahisi kulisema: aina gani iko wapi, na kwa nini iko hapo na si kwingine? Ugumu wake ni kwamba ramani ya kawaida, ile yenye rangi ya buluu iliyotandazwa bapa, haitoshi kulijibu. Na nianze na mnyama mwenyewe, maana ukishamwona anavyofanya kazi nusu ya jibu umeipata.

Mwili wake ni mrija mnyoofu wenye maji ndani, mgumu kiasi, na mwangavu hivi kwamba ndani ya glasi unaona kwanza macho mawili meusi kabla hujauona mwili. Ubavuni ana mapezi, jozi moja au mbili, na mkiani ana pezi lililolala bapa. Kichwani, kila upande, kuna ndoano kati ya 4 na 14, ngumu, za rangi ya kahawia, ambazo wakati wa utulivu hufunikwa na ngozi. Muda mwingi hafanyi lolote. Anaelea, anazama taratibu, anajirusha kidogo kwenda juu, anazama tena. Macho hayamsaidii sana kulitambua windo. Kinachomwambia ni safu za vinyweleo mwilini vinavyohisi mtikisiko wa maji. Kopepodi akipiga miguu umbali wa milimita chache tu, mkia unapiga mara moja, ile ngozi inarudi nyuma, ndoano zinafunguka na kufunga. Windo linaingia zima. Katika aina kadhaa imegunduliwa tetrodotoksini, sumu ileile ya samaki bunju, inayotengenezwa na bakteria wanaoishi pamoja nao. Kwa kuwa ngozi inapitisha mwanga, ukimweka chini ya darubini unamwona kopepodi akiwa tumboni na miguu yake yote, na mara nyingine unaona mkia wa mnyoo mshale mwenzake. Ukaribu wa undugu hauwazuii kulana.

Kila mmoja ni dume na jike kwa pamoja: mayai yako kiwiliwilini, mbegu za kiume mkiani. Yai likianguliwa hutoka kijinyoo chenye umbo la mzazi moja kwa moja, bila hatua ya kati. Hilo lishike, litatufaa sasa hivi.

Kwa nini basi Ziwa Nyasa halina? Ziwa lenyewe lina nafasi ya kutosha: kina chake kinafika mita 700 na zaidi, na kopepodi wamejaa. Kinachokosekana ni chumvi. Lita moja ya maji ya bahari kuu ina chumvi gramu 35 hivi; ya Nyasa haifiki hata gramu 1. Mwili wa mnyoo mshale umelingana na bahari, na hana figo wala kiungo chochote cha kutoa maji ya ziada. Mweke kwenye maji matamu, maji yatamwingia kupitia ngozi na hana pa kuyatolea. Tena hana yai la kulala, lile linaloweza kukauka kwenye tope, likabebwa na upepo au mguu wa ndege, likaanguliwa kwenye dimbwi jingine. Rotifa, wanyama wadogo mno wa majini, wanalo yai la namna hiyo, na rotifa wamejaa maziwa yetu. Nawataja kwa makusudi, kwa sababu ndugu wa mnyoo mshale walikuwa kitendawili tangu Charles Darwin alipoandika mwaka 1844 kwamba ukoo wao haueleweki. Mwaka 2019 uchunguzi wa vinasaba uliwaweka kundi moja na rotifa. Kwa hiyo ukichota ndoo ya maji pale Matema, ufukweni mwa Nyasa, umechota binamu zake wengi. Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda.

Msomaji mjanja wa Mbeya ataniuliza: mbona Ziwa Tanganyika kuna konyeza, wale wanyama wororo mfano wa mwavuli? Ni kweli. Ukipita Tunduma na Sumbawanga ukateremka hadi Kasanga, unafika kwenye ziwa la maji matamu lenye konyeza wadogo, ukubwa wa sarafu. Wazungu waliowaona karne ya 19 walishangaa mno, hata Mwingereza J. E. S. Moore, aliyefika huko mara mbili katika miaka ya 1890, akashikilia kwamba Tanganyika ni mkono wa bahari ya kale uliobaki nchi kavu. Kama ingekuwa hivyo, mnyoo mshale naye angekuwa na haki ya kutafutwa humo. Jiolojia ikakataa: Tanganyika na Nyasa ni maziwa ya Bonde la Ufa, yamejaa kwa mvua na mito. Konyeza ana hatua ya maisha anayoishi amejibandika kwenye jiwe, hatua ngumu inayovumilia mengi. Mnyoo mshale, kama tulivyoona, hana hatua nyingine ya kujifichia. Ama bahari, ama kifo.

Lakini kazi yake haikubaki wazi. Nyasa ina kiluwiluwi cha usubi wa ziwani, Chaoborus edulis, naye ni mwangavu, urefu wa sentimita moja na kitu, naye hukamata kopepodi. Waliokaa Kyela wanawajua wazazi wake: yale mawingu meusi yanayosimama juu ya ziwa mfano wa moshi, ambayo upande wa Malawi watu huyakusanya na kuyafinyanga mikate. Viluwiluwi hao hushinda chini kabisa, karibu na mpaka ambapo oksijeni inaisha, mita 200 na zaidi, na usiku hupanda kula. Mnyoo mshale baharini hufanya vivyo hivyo, mchana chini, usiku juu, kwa sababu ileile: samaki wanaotumia macho. Tofauti ni kwamba kiluwiluwi kinaota mabawa na kuondoka na nyama yote aliyokula, wakati mnyoo mshale analiwa humohumo majini na samaki.

Sasa tuingie baharini, na tuanze na kosa ambalo ramani bapa hulizaa. Aina moja, Eukrohnia hamata, imeandikwa Aktiki, imeandikwa Antaktiki, imeandikwa pia chini ya jua la ikweta. Ukiweka alama hizo kwenye ramani utasema mnyama huyu anavumilia baridi na joto. Sivyo. Fikiria viazi mviringo. Uholanzi vinalimwa uwanda wa bahari. Huku kwetu hupandi viazi Kyela ukategemea mavuno, unapanda mpaka Uporoto, Isyonje, Kitulo. Kiazi hakijabadilika tabia, kinafuata baridi, na baridi yetu iko juu. Kwa Eukrohnia kinachobadilika ni upande tu: kwenye ncha za dunia anakaa karibu na uso wa maji, na kadiri unavyokaribia ikweta anazidi kwenda chini, mamia ya mita, hadi kina cha kilomita moja na zaidi, akifuata maji ya baridi yaliyolala chini ya maji yetu ya moto.

Ndiyo maana wanaosoma wanyama hawa hugawa bahari kwa ghorofa kabla ya kuigawa kwa majina ya nchi. Mita 200 za juu ndizo zenye aina nyingi katika nchi za joto. Kati ya mita 200 na 1,000 kuna kundi lingine, na chini ya hapo lingine tena, lenye rangi ya machungwa tumboni kwa baadhi, na hata wawili wanaotoa mwanga, Caecosagitta macrocephala na Eukrohnia fowleri. Orodha ya aina za bahari fulani haina maana mpaka uulize wavu ulishuka mita ngapi. Mtafiti aliyevuta wavu mita 50 na aliyevuta mita 2,000 wakileta orodha mbili tofauti, hakuna aliyekosea na hakuna bahari iliyo tajiri kuliko nyingine kwa ushahidi huo.

Kosa la pili ni kuchanganya wingi wa aina na wingi wa wanyama. Aktiki ina aina chache mno, mbili zikitawala, huyo Eukrohnia hamata na Parasagitta elegans, lakini wanyama wenyewe ni wengi kupindukia. Bahari ya Hindi ya ukanda wa joto ina aina nyingi, na bado ukimwaga sampuli ya juujuu kwenye sahani, mara nyingi sehemu kubwa ni ya aina moja tu, Flaccisagitta enflata, mnene, mlegevu, mwangavu, anayepatikana katika maji ya moto ya bahari zote kuu. Wengine wote, Pterosagitta draco, Ferosagitta robusta, Krohnitta subtilis na wenzao, wanagawana kilichobaki.

Halafu kuna bahari za pembeni, zile zilizofungwa nusu, na kwangu mimi hizi ndizo zenye mafunzo makubwa kuliko bahari kuu, kwa sababu kila moja ina mlango, na mlango unachuja. Bahari ya Shamu ni ya moto na chumvi yake inafika gramu 40. Mlangoni, karibu na Bab el Mandeb, kuna kizingiti chini ya maji chenye kina cha mita 137 hivi. Aina za juu za Bahari ya Hindi huingia. Wengi wa kina kirefu hukwama. Na hata wangepita, ndani hakuna baridi ya kuishi: maji ya kilindini ya Bahari ya Shamu yana nyuzi joto 21 na kitu, wakati nje, katika kina hichohicho, yangekuwa ya baridi kabisa. Kadiri unavyopanda kaskazini kuelekea Suez, orodha inafupika.

Bahari Nyeusi ni kinyume: chumvi ya juu ni gramu 18 tu, nusu ya bahari kuu. Aina inayotamba humo ni Parasagitta setosa. Hapa ndipo utaona mnyoo mshale anaweza kupunguziwa chumvi kwa nusu akaishi, ila si kuondolewa kabisa. Tena bahari hiyo inafanana na Nyasa kwa jambo moja la ajabu: chini ya mita 150 hadi 200 hakuna oksijeni. Setosa hushuka mchana mpaka ukingoni mwa tabaka hilo, kama Chaoborus wetu. Miaka ya 1980 mwanzoni meli ziliingiza, ndani ya maji ya kusawazishia mizigo, mnyama mwororo wa jamii inayofanana na konyeza, Mnemiopsis leidyi, kutoka Amerika. Alipofumuka mwishoni mwa muongo huo alikula kopepodi, mayai ya samaki, kila kitu; uvuvi wa dagaa wa huko ukaanguka, na setosa akakaribia kutoweka. Mwaka 1997 akaonekana Beroe, anayemla Mnemiopsis, na mnyoo mshale akaanza kurudi. Katika bahari yenye aina nyingi, aina moja ikipungua huenda usigundue. Kwenye bahari yenye aina moja, ngazi nzima ya chakula inabaki tupu.

Kisa kinachonukuliwa kuliko vyote ni cha Plymouth, kusini-magharibi mwa Uingereza. Mtafiti wa bahari Frederick Russell aliona kwamba maji yenye mchanganyiko kutoka Atlantiki huja na Parasagitta elegans, na maji ya kando ya pwani huja na setosa. Wanyama wawili wanaofanana kiasi kwamba lazima uwe na darubini, lakini kila mmoja ni cheti cha maji aliyotoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 elegans akatoweka pale, akabaki setosa. Fosfati ya majira ya baridi, ambayo ni rutuba ya maji, ikapungua, na uvuvi wa heringi wa Plymouth ukafa. Miaka ya 1960 ikiisha na ya 1970 ikianza, elegans akarudi. Mtu asisome hapo kwamba mnyoo aliua heringi. Maji yalibadilika, na wote wawili, mnyoo na samaki, waliyafuata au waliyakosa.

Kwetu, maji yanatawaliwa na pepo mbili. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi unaenda kasi, wakati wa kaskazi unalegea. Ukitoka nje ya visiwa vya Mafia na Unguja unakuta aina za bahari kuu. Ukiingia ndani ya mlango wa kisiwa, ambako maji ni ya kina kifupi na mito imemwaga, wanaongezeka wale wa pwani kama Aidanosagitta neglecta na Zonosagitta bedoti. Mbele zaidi, pwani ya Somalia, kusi hupandisha maji baridi kutoka chini, na aina ya ghorofa ya kati kama Decipisagitta decipiens ikionekana juu, watafiti huichukulia kuwa dalili ya maji kupanda.

Na hapa nyanda za juu zinaingia kwenye hesabu. Mvua inayonyesha Kipengere na Uporoto upande wa kaskazini hushuka kwa Chimala, Kimani na Mbarali hadi Usangu, ikawa Ruaha Mkuu. Ya Iringa inaletwa na Ruaha Mdogo. Yote inaingia Rufiji na kumwagikia kwenye mikoko inayotazama Mafia. Chumvi ya maji ya huko, na tope lake, na rutuba yake, sehemu inaamuliwa na nani amefungua mfereji wa mpunga Mbarali na nani ameufunga. Tangu miaka ya 1990 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi. Maji ya Kyela nayo hayajapotea: yanapita Nyasa, Shire, Zambezi, yanatokea Msumbiji. Kila mto wetu unaishia kwa mnyoo mshale, isipokuwa ile ya Songwe na Chunya inayoingia Rukwa, ziwa lisilo na mlango wa kutokea.

Imebaki habari ya kuhesabu, ambayo wengi huiruka. Wavu wa planktoni wenye matundu ya thuluthi moja ya milimita huwaachia wadogo. Ukiwa na matundu madogo zaidi unavutwa kwa uzito, na wakubwa wanaukwepa. Mchana unapata wachache kuliko usiku pale pale. Formalini, dawa ya kuwahifadhia, inawakunja na kuwafanya weupe, mapezi yanapasuka. Mtambuzi anakaa na sahani anahesabu ndoano, anahesabu safu mbili za meno, anatazama pezi la ubavuni linaanzia wapi na vifuko vya manii vina umbo gani, kisha anaandika jina. Na jina lenyewe linahama: karibu wote hapo zamani walikuwa Sagitta, mpaka Mjapani Takasi Tokioka alipoligawa kundi hilo mwaka 1965, wengine wakaendelea kuligawa baada yake. Msafara mkubwa wa kimataifa wa Bahari ya Hindi, uliomalizika mwaka 1965, uliandika Sagitta enflata. Ripoti ya leo inaandika Flaccisagitta enflata. Anayejumlisha orodha hizo bila kujua atamhesabu mnyama mmoja mara mbili.

Vinasaba navyo vinavuta upande wa pili. Yule Eukrohnia hamata wa ncha zote mbili, tuliyesema anafuata baridi kupita chini ya ikweta, alipopimwa alionekana kuwa na nasaba kadhaa zilizotengana ndani ya jina moja, na wa Aktiki si sawa na wa Antaktiki. Umbo halikuwa limesema hivyo. Ndoano ni zilezile. Kwa hiyo ile 120 na ushei inapungua kwa wanaofuta majina yaliyorudiwa, inaongezeka kwa wanaopima vinasaba, na atakayechapisha orodha mpya ya bahari yetu itambidi aandike kando ya kila jina kina, msimu na kama mnyama alihesabiwa kwa darubini au kwa vinasaba.